Somo la 11: Kukaa na Aliyechoka Kuishi

Septemba 6–12

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wafalme 19:1-18, Hesabu 11:10-17, Ayubu 2:11-13, Mathayo 27:3-5, Matendo 16:22-34, Warumi 8:38, 39.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:2. (Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, kisha utaje moyoni jina la mtu mmoja.)

Mtu akifariki hapa Mpanda hatuhitaji kufundishwa la kufanya. Kabla jua halijazama turubai limefungwa, akina mama wameleta sufuria na kuni, vijana wamekwenda kuchimba kaburi, daftari la rambirambi liko mezani na mikeka imetandikwa. Watu hulala msibani siku tatu, hata wale ambao hawakumfahamu marehemu vizuri. Katika jambo hili Mwadventista na jirani yake wa dhehebu jingine, Mpimbwe, Mkonongo, Mfipa, Msukuma na Mha, wote ni wamoja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye mkeka wa msiba wa namna hiyo. Marehemu alikuwa ndugu wa kanisa, mkulima wa mpunga, baba wa watoto wanne. Alikuwa amejiua. Majuma mawili kabla ya hapo alinisubiri nje ya kanisa baada ya ibada, akaniambia, “Mwalimu, nimechoka. Hata nisipokuwepo, nyumba itaendelea tu.” Mimi nilikuwa nawahi kikao. Nikamshika bega nikamwambia Mungu yupo, tutaongea Sabato ijayo. Sabato iliyofuata hakuja, nami sikuuliza.

Chini ya turubai wazee wawili walibishana kama mchungaji aongoze mazishi au asiongoze. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyezungumza naye mwisho. Lingeulizwa swali hilo, ningepaswa kunyoosha mkono.

Juma hili tunajifunza namna ya kupeleka mkeka mapema, wakati mwenye nyumba angali hai wa kuukalia.

Kwa mwalimu wa darasa: Usiendeshe somo hili kama mada ya watu walio mbali. Huenda katika viti vilivyo mbele yako amekaa mtu ambaye jana usiku aliwaza kufa, na mwingine aliyemzika mwanawe kwa njia hii. Usiruhusu mtu aeleze jinsi fulani alivyojiua. Na mjadala wa nani ataokolewa ukianza, usogeze hadi Alhamisi.

JUMAPILI, Septemba 7
Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1-8. Eliya aliomba nini? Mungu alimjibu kwa kumfanyia mambo gani, na kwa utaratibu upi?

Siku chache tu kabla ya hapo nabii huyu alikuwa juu ya Karmeli, moto ukashuka mbele ya macho ya watu wote. Sasa amelala chini ya mti jangwani, anaomba roho yake itwaliwe. Wengi wetu tumefundishwa, pengine bila mtu kulisema wazi, kwamba mwenye imani hawezi kufika hapo. Biblia haikubaliani nasi. Musa naye aliomba kufa (Hesabu 11:15), Yona aliomba kufa, na Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa. Hawa si watu wa pembeni katika Maandiko.

Angalia jambo dogo katika fungu la 3. Eliya alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake pale, akaendelea peke yake mwendo wa siku moja. Mtu anayeelekea kukata tamaa hufanya hivyo mara nyingi: huwaacha watu wake mmoja mmoja. Haji tena kwaya, hapokei simu, anakaa nyuma kabisa kanisani na kutoka kabla ya ombi la kufunga.

Malaika alipomkuta hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate wa moto na maji, akamwacha alale tena. Akarudi mara ya pili, akampa chakula tena, na akakiri kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Usingizi na chakula vilitangulia, kisha akaguswa tena na mtu aliyerudi kumwona. Maswali yalikuja baada ya siku nyingi, huko Horebu, na hata huko Mungu alimwuliza kisha akanyamaza kusikiliza. Eliya alitoa lalamiko lile lile mara mbili, neno kwa neno (mafungu ya 10 na 14), wala Mungu hakumwambia kwamba hilo ameshalisema.

Soma Hesabu 11:16, 17. Musa alipolemewa, Mungu alimpa wazee 70 wa kubeba mzigo pamoja naye. Eliya alipewa Elisha. Linganisha na ushauri tunaompa ndugu aliyelemewa: aombe zaidi, afunge zaidi, tena peke yake.

Neno moja kuhusu ugonjwa. Kuna huzuni ya maisha ambayo kila mtu huipitia, na kuna ugonjwa unaoitwa sonona. Huo humnyang’anya mtu usingizi, hamu ya kula, nguvu ya kufanya kazi na uwezo wa kuona kesho, kwa majuma mfululizo. Unatibika. Aliye nao akiambiwa amekosa imani anaongezewa mzigo. Akiambiwa amerogwa anapoteza miezi na mbuzi kwa waganga. Kumpeleka hospitali hakupunguzi maombi yetu, kama vile dawa ya malaria isivyoyapunguza.

JUMATATU, Septemba 8
Wanaosema Bila Kusema

Soma Mithali 14:13 na Mithali 12:25. Mafungu haya yanakufundisha nini kuhusu kumtazama mtu usoni na kudhani umemjua?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama zetu. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Wanaume hufa kwa njia hii mara mbili na zaidi ya wanawake.

Kwa nini wanaume? Katika mkoa wetu jibu sehemu yake liko katika malezi. Mwanamume halii; mwanamume hasemi nyumbani kwamba mpunga umekauka, kwamba shimo la dhahabu alilotilia fedha za ada limetoa mawe matupu, kwamba amechukua mkopo wa kausha damu na pikipiki imeshachukuliwa. Huko Katumba na Mishamo wapo wazee waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakiwa watoto. Wamelima, wamejenga makanisa, wengi wao wamepata uraia wa Tanzania, na baadhi yao hawajawahi kumsimulia mtu yeyote walichokiona njiani. Tumewasifu kwa uvumilivu. Huenda wengine tungewasaidia zaidi kama tungewauliza.

Hakuna sababu moja inayomfanya mtu ajiue. Deni peke yake halitoshi, wala ugomvi wa ndoa, wala ulevi, wala maradhi ya muda mrefu. Mara nyingi ni vitu vitatu au vinne vimerundikana, pamoja na ugonjwa wa akili ambao haujatibiwa, kisha inakuja aibu ya ghafla. Ndiyo maana ni makosa kurudi kutoka mazishini tukisema mke wake ndiye aliyemwua.

Dalili zipo. Mtu husema amechoka kuishi, au kwamba yeye ni mzigo, au kwamba watu wangekuwa heri bila yeye. Anaanza kugawa vitu: baiskeli, jembe la kukokotwa, Biblia yake. Anazunguka kuomba msamaha na kuaga kwa namna ambayo haieleweki. Pombe inaongezeka, usingizi unapotea. Na kuna dalili moja inayotudanganya: aliyekuwa na huzuni nzito kwa muda mrefu anatulia ghafla, hata anatabasamu, nasi tunamshukuru Mungu kwamba amepona. Muulize kilichobadilika kabla hujashukuru.

Kama mtu wa elimu siwezi kumwacha binti. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16, Katavi iliongoza mikoa yote: wasichana 45 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Shule ilifungua mlango. Je, kanisani? Binti wa miaka 16 anayesomwa jina lake mbele ya kusanyiko, kisha anarudi nyumbani kwa baba ambaye hamsemeshi, huyo yuko jangwani peke yake kama Eliya, na wala hakuchagua kumwacha mtumishi Beer-sheba. Nidhamu ya kanisa ina mahali pake. Lakini bodi inayopitisha jina bila kuteua mama wa kumtembelea binti huyo siku hiyo hiyo imefanya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.

Tafakari: Ni nani katika kanisa lako ambaye hujamwona kwa Sabato tatu? Unajua kwa nini?

JUMANNE, Septemba 9
Makuhani Waliojibu na Mfungwa Aliyepaza Sauti

Soma Mathayo 27:3-5. Yuda alikwenda kwa nani? Alikiri nini? Alijibiwaje?

Tunapofundisha habari za Yuda tunakimbilia mwisho wake, tunaruka fungu la 4. Mtu huyu alikwenda hekaluni. Alirudisha fedha. Alikiri kwa kinywa chake, mbele ya viongozi wa dini, kwamba amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Ni mahali gani pengine ambapo mwenye dhambi angepaswa kwenda? Nao wakamjibu kwamba hayo hayakuwahusu wao, ayaangalie mwenyewe. Akatoka. Fungu la 5 linafuata fungu la 4.

Simwondolei Yuda wajibu wake. Ninasema tu kwamba waliomsikia mwisho walikuwa makuhani, nao walikuwa na shughuli. Nimeyasoma mafungu haya mara nyingi tangu ule msiba.

Soma Matendo 16:22-30. Paulo alikuwa katika hali gani mwenyewe? Alijuaje hatari? Alifanya nini kwanza?

Mlinzi wa gereza la Filipi aliamka, akaona milango imefunguka, akadhani wafungwa wametoroka. Alijua lililompata mlinzi wa namna hiyo. Walinzi wa Petro waliuawa (Matendo 12:19). Aibu, hofu na giza vilimkuta kwa pamoja. Paulo alikuwa na majeraha mgongoni na hakuwa na deni lolote kwa mtu huyu. Lakini alipaza sauti kuu. Alimwambia asijidhuru, na akamweleza jambo moja ambalo yule mlinzi hakulijua: wote walikuwapo, hakuna aliyeondoka.

Maneno hayo yana kazi tatu, nasi tunaweza kuzifanya.

Kwanza, Paulo alilitaja jambo lenyewe. Wengi wetu tunaogopa kwamba tukimwuliza mtu kama anafikiria kujiua tutamtia wazo hilo. Waliochunguza jambo hili kwa miaka mingi wamekuta sivyo. Mwenye wazo hilo tayari anapata nafuu anapoona kuna mtu ambaye hatakimbia akilisikia. Asiye nalo atakwambia hapana. Kwa hiyo uliza kwa upole, mahali pa faragha, kwa maneno ya kawaida: “Kaka, ulichosema Jumapili kimenikaa moyoni. Je, umekuwa ukifikiria kujiua?” Kwa mzee: “Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja kukaa nawe kidogo. Naona mzigo ni mkubwa. Kuna wakati unatamani usiwepo?” Akikujibu ndiyo, usishtuke kwa sauti. Mwulize kama ameshapanga namna na wakati. Kisha nyamaza, umsikilize.

Pili, alibaki. Akisema ana mpango, usimwache peke yake hata kwa saa moja. Mwite mtu mwingine mnayemwamini wote wawili. Ondoeni karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo. Mpelekeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na ikihitajika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Mpanda. Mmoja wenu aingie naye kwa daktari na kusema wazi kilichotokea. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu pia ni mtu wa kuhusishwa. Kwa mtoto, simu 116 ni ya bure. Kwa ushauri wa afya, 199 ni ya bure vilevile. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie ukweli: “Siwezi kulibeba hili peke yangu, lakini sitalitangaza.” Na usilitangaze, hata kama ombi maalumu siku ya Jumatano jioni. Mji wetu ni mdogo.

Tatu, alimpa ukweli uliokosekana. Yule mlinzi aliamini wamekwenda. Aliyechoka kuishi huamini watoto watakuwa heri bila yeye, deni halina njia, kanisa limeshamhukumu. Hatuondoi imani hiyo kwa kumwambia kuna wenye shida kuliko yeye, wala kwa kumtishia hukumu. Tunaiondoa kwa vitendo. Mzee mmoja wa kanisa ninayemfahamu alimsindikiza ndugu kwa mkopeshaji, wakakaa kwenye benchi asubuhi nzima, wakapata kulipa kidogo kidogo. Deni halikupungua hata shilingi siku ile. Ndugu yule yupo hadi leo, na amenipa ruhusa nilisimulie hili bila jina lake.

Linganisha na Matendo 16:30-34. Maswali ya wokovu, maji ya kuosha majeraha, chakula mezani na ubatizo vyote vilifuata baadaye usiku ule. Mtu alipaswa kwanza kuwa hai ili aulize.

JUMATANO, Septemba 10
Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani

Tangu mwaka 2003 tarehe ya leo imetengwa duniani kote kwa ajili ya jambo hili. Hatuna desturi ya kuadhimisha siku nyingi, lakini leo inatupa nafasi ya kuona jamii nzima inaweza kufanya nini.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukuta wa darini ulihusianaje na uhai wa jirani?

Israeli waliagizwa kuweka kizuizi mahali pa hatari kabla mtu hajaanguka. Sri Lanka, nchi ya wakulima kama sisi, ilifanya hivyo kwa namna yake. Ilipiga marufuku, moja baada ya nyingine, dawa za mashambani zilizo kali kuliko zote. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa karibu asilimia 70, na Shirika la Afya Duniani linakadiria maisha ya watu 93,000 yaliokolewa kati ya 1995 na 2015. Wakulima waliendelea kuvuna. Sababu yake ni ya kutia moyo: hamu ya kufa, hata inapokuwa kali, mara nyingi hupita. Mtu asipokuwa na kitu cha hatari mkononi saa ile, wengi hawatafuti kingine, wanaishi.

Nasi katika msimu wa pamba, mahindi na mpunga, dawa hizo hukaa wapi? Chini ya kitanda, juu ya kabati, ndani ya chupa ya soda. Sanduku lenye kufuli linagharimu kidogo. Familia kadhaa zinaweza kuweka dawa zao katika stoo moja kwenye chama chao cha msingi, ufunguo ukakaa kwa watu wawili. Shemasi anayetembelea nyumba anaweza kuuliza jambo hili kama anavyouliza habari za chandarua.

Mfano wa pili unatoka Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa kijana aliyekuwa amepangiwa kurudi hospitali. Familia ilikosa nauli ya basi. Alijiuliza tiba inawezaje kumfuata mtu asiye na nauli. Katika mtaa wa Mbare, Harare, akafundisha mabibi wa kawaida, wahudumu wa afya wa mtaani, kukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsikiliza mtu, kisha kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Hawakutumia maneno magumu; walitumia neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, kama sisi tunavyosema mtu ana mawazo. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi wa watu 573 yalichapishwa: baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kila ninaposoma habari hiyo nawafikiria akina mama wa Dorkasi. Wanajua kila nyumba na mabenchi tunayo. Wanachokosa ni mafunzo ya siku chache, na mhudumu wa afya wa kuwapokea wanapomleta mgonjwa. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko Dodoma. Aliye Karema au Mwese hawezi kuanzia huko. Anaanzia kwenye benchi.

Lipo pia suala la sheria. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya huko ilitamka kwamba kinapingana na Katiba. Wenye kutunga sheria wetu watalipima jambo hilo. Sisi tunaona tu kinachotokea nyumbani: familia inaogopa polisi, inasema ameugua tumbo, na mtu anarudishwa nyumbani bila kutibiwa kilichomsukuma. Mwambie daktari ukweli. Na siku na majuma baada ya kutoka hospitali ndiyo yenye hatari kubwa. Hapo ndipo tunapopaswa kuwapo, na hapo ndipo kwa kawaida tunatoweka, tukidhani yameisha.

ALHAMISI, Septemba 11
Wanaobaki

Soma Ayubu 2:11-13 na Warumi 8:38, 39.

Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba. Walikaa chini pamoja naye bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa kueleza sababu.

Mtu akishajiua, walio hai wanahitaji kutunzwa, hasa mwenzi, wazazi na watoto. Wanajilaumu, wanaona aibu, na wengine wao huingia katika hatari ile ile. Kwa hiyo msiba huu upewe turubai, nyimbo na mikeka kama mwingine wowote. Mhubiri asieleze namna kifo kilivyotokea, asimtukuze marehemu kana kwamba amepata pumziko alilolitafuta, wala asimhukumu. Aseme alikuwa mgonjwa wa moyo uliolemewa, na kwamba tunamlilia.

Je, ataokolewa? Swali hili mlilisubiri tangu Sabato. Tunaamini waliokufa wamelala, hawajui neno lolote, wanangoja sauti ya Bwana. Uhai ni wa Mungu, na kuutoa si haki yetu. Kweli hiyo tuishike. Lakini anayejua akili ya mtu ilikuwa na uzima kiasi gani katika saa yake ya mwisho ni Mungu peke yake, na hajatupatia sisi kiti hicho. Samsoni alikufa pamoja na maadui zake kwa ombi lake mwenyewe, na jina lake limo katika Waebrania 11:32. Mama aliyemzika mwanawe akikuuliza, mwambie Hakimu ndiye yule aliyempelekea Eliya mkate. Kisha kaa naye. Rudi baada ya siku arobaini, turubai likiwa limerudishwa na hakuna anayekuja tena.

IJUMAA, Septemba 12

Jifunze Zaidi: Katika Manabii na Wafalme, Ellen G. White anaifuata safari ya Eliya toka Yezreeli hadi Horebu. Msome sura hizo kama familia leo jioni, mkiangalia jinsi Mungu alivyomtendea mtumishi wake aliyevunjika moyo.

Maswali ya Kujadili

1. Paulo alipaza sauti gizani bila kumwona mlinzi vizuri. Ni mambo gani hutuzuia kuuliza mpaka tuwe na hakika? Hofu ya kukosea ina uzito gani ikilinganishwa na hofu ya kunyamaza?

2. Katika kanisa lenu, mwanamume mwenye deni anaweza kumwambia nani? Taja mtu, si idara. Mkikosa jina, mfanye nini?

3. Bodi ya kanisa inapopitisha nidhamu ya mshiriki, ni utaratibu gani uwekwe ili asibaki peke yake jioni ile?

4. Zahanati iliyo karibu nanyi inaitwaje, ni nani anayehudumia wenye magonjwa ya akili hapo, na nauli kutoka kanisani ni kiasi gani? Je, fedha hiyo inaweza kutengwa katika mfuko wa Dorkasi tangu sasa?

5. Katibu wa darasa afungue daftari la mahudhurio na kusoma majina ya wasioonekana kwa Sabato tatu zilizopita. Kabla ya ombi la kufunga, kila jina lipate mtu wa kwenda na siku ya kwenda. Sabato ijayo mwalimu aanze kwa kuuliza walikutwa katika hali gani.